Kikohozi cha Upande wa Pili

Kikohozi kilirudi asubuhi moja ya mvua, Mama Simu akiwa jikoni anamenya viazi huku anabishana na redio. Ndivyo alivyo, redio huijibu. Hasa alimwandama yule mtangazaji wa kipindi cha afya, kijana mwenye sauti laini ambaye kila siku anawahimiza wazee wanywe maji mengi, utadhani wazee walikuwa wakinywa petroli. "Na chooni utanipeleka wewe?" ndiyo kwanza alikuwa amemuuliza, mara akasikia upande wa pili wa ukuta mtu anakohoa.

Viwili vifupi. Kimya kidogo. Kisha kimoja kirefu, kizito, kinachoanzia chini kabisa ya kifua na kuishia kwa mguno.

Kisu kilimponyoka. Kile kilikuwa kikohozi cha mume wake, na mume wake walimzika mwaka juzi.

Sasa, msije mkamdhania huyu mama ni mmoja wa wale wanaoona mizimu kila pazia likitikisika. Jina la Mama Simu hakulipata bure. Alikuwa opereta wa simu tangu usichana wake hadi siku aliyostaafu. Enzi zile ukitaka kuongea na mtu wa mbali ulimpata yeye kwanza, naye akachomeka waya kwenye ubao wenye matundu, akakuunganisha. Watu aliwajua kwa pumzi tu. Mkubwa wa ofisi akiinua simu, kabla hajafungua kinywa, anaulizwa, "Mafua bado hayajakuacha, bosi?" Hata watoto wake walichoka kumdanganya. Binti akisema kwenye simu kwamba yuko njiani anakuja, mama mtu anamwambia, "Njia gani hiyo yenye shuka? Amka!" Mtu wa masikio ya namna hiyo akikwambia hiki ni kikohozi cha fulani, unanyamaza tu.

Upande wa pili wa ule ukuta ilikuwa stoo ya marehemu. Marehemu alikuwa fundi terazo, wale wanaomwaga sakafu ya saruji iliyochanganywa na vijiwe, ikikauka wanaisugua kwa mashine mpaka unajiona uso. Kazi nzuri, sakafu zake bado zinang'aa mji mzima, lakini vumbi la mawe yale alilivuta miaka na miaka kama mtu anayevuta sigara, na mwisho mapafu yakagoma. Stoo haikuwa na mlango wa ndani. Mlango wake mmoja ulifungukia nyuma, kichochoroni, na kuufikia ilibidi uzunguke nyumba nzima kisha ushuke ngazi zilizomong'onyoka. Goti la Mama Simu na ngazi walishakosana zamani. Kwa hiyo tangu mazishi yeye hakuingia mle, na kwa alivyojua, hakuna mwingine aliyeingia.

Marehemu alipokuwa mgonjwa alipenda kujifungia mle ndani, eti anapanga vifaa. Vifaa gani, alikuwa hataki watoto wamwone akihangaika kutafuta pumzi. Lakini mke yuko jikoni, na masikio yale, angefichwa nini? Kikohozi kikizidi halafu kikafuatwa na kimya, Mama Simu aligonga ukuta kwa mwiko na kuita, "Bado unaongea?" Lilikuwa neno la kazini. Opereta akiona watu wamekaa sana kwenye laini na hasikii kitu, anaingia katikati na kuuliza, "Bado mnaongea?" Wakijibu, anawaacha na maneno yao. Wasipojibu, anachomoa waya. Na mume kule stoo alikuwa anajibu kwa kugonga mara mbili, ko, ko, yaani bado nipo. Ukawa utani wa nyumba nzima, watoto wameukuta na wamekua nao. Siku ya mwisho Mama Simu aligonga, akagonga tena, akagonga mpaka mwiko ukapasuka, hakujibiwa.

Basi asubuhi ile ya mvua alizima redio. Akachukua mwiko mwingine. Akagonga ukuta, na msimcheke, nanyi mngegonga.

"Bado unaongea?"

Kimya. Mvua tu juu ya bati. Halafu, polepole, kama mtu aliyefikiri kwanza, ukuta ukajibu: ko, ko.

Mama Simu alikaa chini palepale kwenye maganda ya viazi akalia. Wala haikuwa hofu. Alilia kama mtu aliyempokea msafiri ambaye kila mmoja alimwambia asimngoje.

Kuanzia siku hiyo mama wa watu alichanua. Ule uzee wa kukaa dirishani na khanga begani, kuhesabu wapita njia, ulimtoka. Akawa anaamka mapema, anaoga, anavaa hereni. Vidonge vya presha, ambavyo binti yake alikuwa akimpigia simu kila siku kumkumbusha, sasa alivimeza bila kugombezwa. Hata mazoezi ya goti aliyafanya, ameshika kiti, anahema, anamtukana yule wa redio kwa upendo. Na aliimba. Nyimbo za usichana wake, zile alizokuwa akiziimba kazini laini zikiwa zimelala. Kikohozi kilianza kila asubuhi baada ya watu kwenda makazini na kilikoma alasiri. Kila kikisikika, moyo wake uliruka. "Haya, kohoa baba, kitoke," alisema kwa ukuta, anakoroga uji. "Mimi nipo hapa." Kisha anagonga, naye anajibiwa.

Mdomo ndio uliomponza. Siku moja anaongea na binti yake kwenye simu, kunde zinaungua, akaropoka, "Ngoja kwanza mwanangu, baba yenu leo kifua kimemkaba, siwezi kusikia vizuri."

Upande ule simu ikakatwa.

Binti huyo ndiye mkubwa wake, na mama mwenyewe ndiye aliyembandika jina la Bi Meneja, kwa sababu tangu utotoni alikuwa anapangia watu maisha. Si mtu mbaya, hapana. Ni mtu anayependa kwa mikono miwili na kukubana mpaka ukose hewa. Siku hiyo hiyo alifika, viatu vinapiga kelele sakafuni, amemchukua na mdogo wake njiani.

"Mama, rudia ulichoniambia."

"Nimekwambia kunde zinaungua."

"Mama!"

Ikabidi aseme. Bi Meneja alisikiliza amekaza midomo. Mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba, ambaye kila mtu alimwita Kitinda mpaka leo na mke anaye na mtoto anaye, alisimama mlangoni anatazama ncha za viatu vyake. Yeye alifanya kazi kwenye karakana ya kukata mawe ya granaiti, yale wanayotandika juu ya meza za jikoni kwenye nyumba za wenye nazo.

"Unaumwa, mama," alisema Bi Meneja, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Ni upweke. Utahamia kwangu. Chumba kipo, ghorofani, kuna utulivu, na mimi nitakuona kila siku. Nyumba hii tutaipangisha."

"Na baba yenu nimwachie mpangaji?"

Hapo binti alijishika kichwa. Kitinda ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Dada, mwache mama asikie anachosikia. Kinamdhuru nini? Hujamwona alivyonawiri?"

"Wewe nyamaza, wewe ndiye unayemdekeza!"

Wakakubaliana aende kwanza kwa daktari wa masikio. Daktari alimvika vile visikilizio, akampigia milio mikubwa na midogo, mingine myembamba kama mbu. Mama Simu akaisikia yote, na alipomaliza akamwambia, "Na hiyo saa yako ya mkononi inachelewa, nasikia inavyosita." Daktari akacheka, akasema masikio haya ni ya msichana, akamgeukia Bi Meneja kama anayempa habari njema. Habari njema wapi? Kama masikio ni mazima, basi ubovu uko juu zaidi. Daktari naye akauliza kwa upole, "Mama, huwa unasikia vitu ambavyo wengine hawavisikii?"

Mama Simu alimtazama binti yake. Alijua akijibu ndiyo, kesho atakuwa ghorofani amekaa kwenye kochi laini, na mume wake atakuwa anakohoa peke yake gizani kule stoo, hakuna wa kumuuliza kama bado anaongea.

"Hapana," alisema. "Niliota tu."

Kwenye gari Bi Meneja alimshika mkono. "Mama, sitaki kukulazimisha. Lakini ukinitamkia habari ya baba tena, unahama. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi."

Kwa hiyo akafunga mdomo. Akawa na siri kama msichana mwenye mchumba. Kikohozi kikianza na kuna mgeni sebuleni, anapandisha redio au anapiga masufuria. Jirani akapata kumwambia siku hizi unapika kwa fujo.

Kitinda alikuwa akipita kila jioni akitoka kazini, amevaa ovaroli. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, njoo ule." Anakaa, anavunja kipande cha mkate, anakichezea, anakiacha. Amekonda, mashavu yameingia ndani. "Mkeo siku hizi anakulisha maneno matupu?" mama anamtania, naye anacheka, na kicheko anakikata katikati ghafla, ananyanyuka kwenda kunywa maji. Kinywani kila mara ana peremende. Na ile ovaroli! Zamani alikuwa akifika nayo nyeupe kwa vumbi mpaka mama anamfukuza akajikung'ute nje. Sasa ilikuwa safi, ina alama za pasi.

"Kazi yenu siku hizi ya usafi," alimwambia.

"Wamenihamishia ofisini, mama. Naandika oda za wateja."

"Afadhali. Vumbi lile lilimmaliza baba yako."

"Ndiyo, mama."

Mwenye masikio yake yale hakusikia kitu. Tuseme kweli, hakutaka kusikia. Mimi hapo ndipo ninapokasirika naye kila nikiikumbuka habari hii, ingawa najua ningefanya vilevile.

Kisha ikaja siku ya kicheko. Ilikuwa karibu na mchana, jua kali, mtaa umetulia. Mama Simu anaosha vyombo, upande wa pili kikohozi kimetoka kupita. Mara kule stoo mtoto akacheka.

Kicheko cha mtoto mdogo, cha kugugumia, kama anayetekenywa, ndani ya chumba kilichofungwa tangu mazishi. Kikacheka, kikarudia kucheka vilevile, mwanzo hadi mwisho, halafu kikakatika kama kilichozibwa kwa mkono.

Sahani ilibaki inamchuruzikia maji mkononi. Kicheko kile alikijua. Alikuwa akikisikia kila jioni mfukoni mwa mwanawe. Ndio mlio wa simu ya Kitinda: alimrekodi mtoto wake siku akimwogesha, mkewe akimpigia, simu inacheka.

Na marehemu hana simu.

Hatua zilizobaki zilikuwa chache: kufuta mikono, kuzunguka nyumba, kushuka zile ngazi hata kwa makalio, kusukuma mlango. Mnajua alifanya nini? Aliwasha redio, akaipandisha sauti mpaka mwisho. Akajiambia kicheko kimetoka kwa jirani. Akajiambia chumba kitupu kina mwangwi. Yeye, aliyekuwa akiwatambua watu kwa pumzi, alijiambia huenda masikio yameanza kuzeeka. Kwani akiufungua mlango ule, aliyekuwa mle angekuwa nani? Mtoto wake angekuwa mgonjwa na mume wake angekuwa marehemu, vyote kwa mpigo mmoja. Akiuacha umefungwa, mume yupo. Aliporudia kugonga ukuta na kusikia ko, ko, alifunga macho na kusema, "Asante, baba watoto."

Aliendelea hivyo siku kadhaa. Lakini nyimbo zilikuwa zimekatika, na usiku hapati usingizi.

Halafu kikohozi kikabadilika. Mwishoni mwa kile kirefu pakaanza kutoka filimbi, nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Mama Simu aliijua ile filimbi. Aliisikia kwa mumewe pia, palepale, kupitia ukuta uleule, na alijua kinachofuata. Baada ya filimbi kikohozi kinapungua. Watu wanadhani mgonjwa anapata nafuu. Kumbe pumzi za kukoholea ndizo zimekwisha.

Asubuhi iliyofuata alikaa jikoni na mwiko mapajani, hajapika. Mtangazaji anahimiza maji. Kikohozi kilikuja mara moja tu, kidogo, na filimbi yake. Kisha kimya.

Akagonga. "Bado unaongea?"

Hakuna.

Akagonga kwa nguvu. "Bado unaongea?"

Hakuna. Kwa mbali, chini kabisa ya ukuta, alisikia kitu kama kucha zinazokwaruza.

Hapo moyo wake ukapasuka vipande viwili, na kipande kilichokuwa kinamtaka mume aliye hai kikaanguka. "Mwanangu!" alipiga kelele. "Mwanangu, nakuja!"

Goti halikuulizwa. Alitoka pekupeku, akazunguka nyumba akishikilia ukuta, akafika ngazini akashuka kwa makalio kama mtoto mchanga, gauni linararuka. Mlango wa stoo haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Aliusukuma kwa bega.

Kitinda alikuwa amekaa sakafuni, kwenye terazo aliyoimwaga baba yake, ameegemea ukuta wa jikoni. Midomo ina rangi ya majivu. Kando yake chupa ya chai, kopo la peremende, na ile ovaroli imetundikwa kwenye mpini wa mashine ya kusugulia, safi, inangoja jioni ivaliwe kwenda kumsalimia mama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa ukutani, vidole vimekunjwa tayari kugonga.

"Nilikuwa najibu, mama," alisema, kila neno na pumzi yake. "Mkono ndio umekataa."

Mama Simu akapiga magoti, akamkumbatia kichwa. Alikuwa mwepesi, mifupa mitupu. "Tangu lini, baba? Tangu lini?"

"Walinitoa kazini. Siwezi tena kubeba jiwe... Nikaona haya kumwambia mke wangu. Ufunguo wa baba nilikuwa nao. Nikasema nikae hapa siku moja tu, nifikiri."

"Ungegonga mlango wangu! Mimi si mama yako?"

"Wewe ndiye uliyegonga." Alijaribu kutabasamu. "Nikaona nikinyamaza utaogopa, nikajibu. Halafu ukaanza kuimba."

Akapumzika. Mama alimfuta jasho kwa kiganja.

"Tangu baba afe hujaimba, mama. Nilikaa hapa nikikusikiliza. Nikaona nikitoka, ni kama nimemzika baba mara ya pili."

Alichukua simu ya mwanawe iliyokuwa sakafuni, akatafuta jina la dada yake, akapiga.

"Haya, Kitinda?" Bi Meneja aliitikia, yuko kwenye kikao, sauti ya haraka.

"Ni mimi. Nimesikia tena."

"Mama," binti alishusha pumzi, "mama, tulikubaliana..."

"Nisikilize wewe! Si baba yenu. Ni mdogo wako. Yuko hapa stoo, hana pumzi. Leta gari sasa hivi."

Hospitali walimwekea gesi ya kupumulia, wakampiga picha za kifua. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye macho ya kuchoka, aliwaita wote kwenye chumba kidogo: mama, dada, na mke wa Kitinda aliyekuwa amempakata mtoto. Alisema ni vumbi la mawe. Alisema kilichokwisha kuharibika hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa, kwa dawa, kwa gesi ya nyumbani, na asikanyage tena karakana ile. Angeishi muda gani hakusema, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Alisema tu kwamba wangemleta mapema kidogo, wangeokoa zaidi.

"Alianza lini kukohoa?"

"Mbele yangu hajawahi," mkewe alisema, ameduwaa. "Usiku alikuwa analala sebuleni, eti joto."

"Wiki mbili hivi, labda tatu," Bi Meneja alikisia.

"Tangu mvua zilipoanza," alisema Mama Simu.

Wakamgeukia. Alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, kama alivyokuwa akiketi mbele ya ubao wake wa simu.

"Nimekisikia kila siku. Cha kwanza mpaka cha mwisho. Na kuna siku nilijua ni yeye, nikawasha redio. Nilikuwa nafurahi. Mtoto wangu anakohoa, mimi nafurahi."

Bi Meneja, ambaye kwa kila jambo ana neno, alisogeza kiti chake karibu, akalaza kichwa begani kwa mama yake. Mtoto mapajani mwa mama yake alicheka, kicheko kilekile cha kwenye simu, na Mama Simu akaziba masikio kwa viganja vyake mwenyewe, akalia mpaka daktari akatoka nje.

Habari ya kuhama ikafa yenyewe. Badala ya mama kwenda ghorofani, Kitinda na mkewe na mtoto ndio waliohamia kwake. Walimpa chumba cha upande mwingine wa jikoni, chenye dirisha kubwa. Stoo Bi Meneja aliisimamia ikafagiliwa, mashine ikauzwa, mlango ukapigwa kufuli. Ukuta wa upande ule Mama Simu haugusi tena. Akipita karibu nao anainamisha macho, kama aliyemkatia mtu simu kabla hajamaliza kuongea. Kikohozi cha marehemu hakisikii. Kuna asubuhi anakitegea sikio, halafu anajikemea.

Redio siku hizi haiwashi. Anapika kimya ili asikie ile mashine ya gesi inavyonguruma, na juu yake pumzi za mwanawe, zinaingia, zinatoka.

Juzi, mkwe ametoka na mtoto, Kitinda alishikwa. Viwili vifupi, kimya, kimoja kirefu. Kisha kimya kingine, kirefu mno. Mwiko ulikuwa mkononi. Kabla hajajizuia, alishagonga ukuta wa chumba cha mwanawe.

"Bado unaongea?"

Ko, ko, ukuta ukajibu.

Mama Simu aliutupa mwiko, akaenda chumbani mbio, goti na kila kitu. Kitinda alikuwa ameegemea mito, mrija wa gesi puani, anamtazama kwa mshangao.

"Usigonge," mama alimwambia. "Usinigongee tena, baba, nakuomba. Aliyekuwa akigonga ni baba yako. Wewe nijibu kwa mdomo."

"Maneno yanakula pumzi, mama. Kugonga ni rahisi."

"Neno moja tu. Nalitaka hilo moja."

Kitinda akaitikia kwa kichwa.

Mama Simu akarudi jikoni. Akauokota mwiko, akaupangusa kwenye gauni, akasimama mbele ya ukuta. Aligonga kidogo, kwa woga, kama mgeni.

"Bado unaongea?"

Mashine ilinguruma. Alisikia mwanawe anavuta pumzi, anaikusanya, anaishikilia. Alisubiri, mkono kifuani.

"Bado, mama," alisema Kitinda.